Fimbo Haifundishi Kujumlisha

Jioni daftari la hesabu likifunguliwa, kelele zinaanza. "Saba na tano ngapi? Si jana tu umeipata!" Mtoto anaficha vidole chini ya meza, anaanza upya kuanzia moja. Kofi linamshukia. Watu wameizoea tabia hii mpaka wanaiita malezi.

Baadhi ya watoto hao wana diskalkulia, hali inayoufanya ubongo usikamate wingi wa vitu. Mwanasaikolojia Ladislav Košč wa Czechoslovakia aliieleza mwaka 1974, na makadirio ya wataalamu ni watu 3 hadi 7 katika kila 100. Darasa la watoto 60 huenda lina wawili au zaidi. Si uvivu: wengine wanasoma vitabu vizuri kabisa.

Mtoto wa namna hii akiwekewa vizibo vitatu vya soda, huenda akavigusa kimoja kimoja, ilhali wenzake wameshaona ni vitatu kwa kutupia jicho tu. Halafu huyohuyo anakaririshwa tebo ya saba, akikosea anachapwa! Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, lakini majumbani nani anakagua?

Hofu yenyewe inaharibu hesabu. Kichwa kinachongoja kofi hakina nafasi ya kushika namba mbili kwa pamoja, na hata aliyejua anasahau.

Vizibo hivyohivyo ndivyo vya kuanzia. Mtoto apange kumi, safu mbili za tano tano, afunike saba, aone vilivyobaki, aseme kwa sauti, ndipo aandike. Mstari wa namba uchorwe kwa chaki sakafuni, ajumlishe kwa hatua za miguu. Vidole aachiwe, jamani, vinamdhuru nani? Tebo ijengwe juu ya anachokijua: tano mara saba ni 35, basi sita mara saba ni kuongeza saba nyingine. Dakika kumi kila siku zinafaa kuliko Jumamosi nzima ya kugombezana.

Bao nalo linafaa, mashimo 32 na kete 64, kwani mkono unahesabu huku ukisambaza. Dukani apewe sarafu azihesabu mwenyewe, na muuzaji asimkimbize.

Na mzazi anayeitwa shuleni kuambiwa mwanawe ni mzito aombe mambo mawili: mtoto aongezewe muda wa kufanya maswali, na asiitwe ubaoni kuaibishwa mbele ya wenzake.