Kamera Inayoona Joto: Kuwinda Mianya ya Baridi Bloomington

Kwa sisi tuliolelewa pwani, mwanya wa kupitisha upepo ni neema. Mjenzi huuacha kwa makusudi. Hapa Bloomington, kusini mwa Minneapolis, mwanya huohuo hula fedha. Mwezi wa Januari baridi huweza kufika nyuzi 25 za Selsiasi chini ya sifuri, na mwenye nyumba hulipia gesi ya kupasha joto hewa ambayo punde itatorokea nje.

Ndiyo maana mafundi wa huku huja na kamera inayopokea miale ya infraredi, ile aliyoigundua William Herschel mwaka 1800. Wengi hudhani kamera hiyo huiona hewa ikipita. Sivyo. Husoma joto la uso wa ukuta tu. Doa la buluu pembeni laweza kuwa mwanya, laweza kuwa unyevu, au mahali palipokosa pamba ya kuhifadhi joto. Kioo nacho humrudishia mpigapicha joto la mwili wake mwenyewe!

Kwa hiyo fundi makini hupiga picha mara mbili. Baada ya zile za kwanza, hufunga feni kubwa mlangoni, ikaivuta hewa ya ndani na kuitupa nje hadi tofauti ya mgandamizo ifikie paskali 50. Hapo baridi huingia kwa nguvu kila penye upenyo. Doa lililotanuka ni mwanya. Lililobaki vilevile huenda ni pamba iliyopungua.

Mianya mikubwa mara nyingi haiko dirishani, ambako kila mtu hupapasa, bali darini: kwenye kifuniko cha kupandia, kandokando ya bomba la moshi, na zinapopita nyaya za taa. Hewa yenye joto hupanda na kutokea huko, huku baridi ikivutwa kutoka chini, pale ukuta unapokalia msingi.

Lipo jambo ambalo, kwa maoni yangu, halisemwi vya kutosha. Nyumba iliyozibwa sana, ikiwa tanuri lake la gesi hutegemea hewa ya chumbani, yaweza kurudisha moshi ndani pamoja na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu ambayo huua watu usingizini. Feni nayo yaweza kuuvuta moshi huo. Hivyo tanuri huzimwa kwanza, na baada ya kuziba mianya fundi hupima kama moshi wapanda bombani. Sheria ya Minnesota yataka king'ora cha gesi hiyo kiwe ndani ya futi 10, kama mita 3, kutoka kila chumba cha kulala. Kabla ya kununua povu la kuzibia, kibonyeze kwanza usikie kama chalia.