Daktari Asiachwe Mlangoni



Tumeombwa jioni hii tuzungumze juu ya madaktari waliosomea nchi moja wakajikuta wanaishi nchi nyingine. Huenda baadhi yenu mwauliza, hayo yatuhusu nini? Yatuhusu. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu wa Kongo, na tangu hapo maelfu yao wamehamishiwa Marekani. Vita haichagui, humfukuza mkulima, fundi, mwalimu na daktari pia.

Basi tumfikirie daktari wa namna hiyo. Alisoma kwa Kifaransa, akatibu watu miaka kumi na mitano, akapasua na kuzalisha usiku kwa mwanga wa kurunzi. Afikapo Marekani huambiwa kwamba bado si daktari. Kwanza cheti chake lazima kithibitishwe na chuo kilichokitoa. Na ikiwa mji wa chuo hicho umo vitani, nani atajibu barua? Kisha afanye mitihani kwa Kiingereza. Hilo sisi hatulipingi hata kidogo. Mgonjwa ana haki ya kutibiwa na mtu aliyepimwa, wala hatutaki mtu akabidhiwe kisu kwa kuonewa huruma.

Lakini akiisha kushinda mitihani yote, hapo ndipo mlango hasa unapofungwa. Katika majimbo mengi hana budi kurudia mafunzo ya kazi hospitalini, miaka mitatu au zaidi, kama kijana aliyetoka chuoni jana. Nafasi hizo hugombaniwa, na hospitali nyingi hupendelea waliohitimu karibuni. Aliyekaa kambini miaka kumi ataieleza vipi miaka hiyo? Ndiyo maana wako madaktari wanaoendesha teksi na kulinda maghala. Kazi hizo ni halali, hatuzidharau; ila vijiji visivyo na daktari viko huko huko Marekani.

Jimbo la Minnesota liliiona hasara hiyo. Mwaka 2015 lilitunga sheria ya kuwasaidia madaktari hawa. Mitihani haikulegezwa. Fedha zilitolewa ili waongozwe, wafanye mazoezi pamoja na madaktari wenyeji, na, jambo lililo kubwa kuliko yote, watengewe nafasi za mafunzo hospitalini. Apataye nafasi hiyo hufunga ahadi ya kutumikia miaka mitano vijijini au penye upungufu wa matabibu, na hurudisha sehemu ya pato lake mfukoni ili mwingine naye asaidiwe. Tennessee ilifuata njia nyingine mwaka 2023: daktari mwenye leseni ya kwao aweza kuanza kazi chini ya uangalizi bila kurudia mafunzo. Sisi twapendelea njia ya Minnesota, kwa kuwa imemwandikia daktari haki yake na wajibu wake katika karatasi moja.

Wapo wasemao, daktari aliyesomeshwa kwa jasho la wakulima maskini arudi kwao. Kwa yule aliyevutwa na mshahara mnono, twakubaliana nao. Hata Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zake za mwaka 2010, liliyataka mataifa yasiende kuwashawishi madaktari wa nchi zenye upungufu mkubwa. Lakini mkimbizi hakuvutwa na mtu. Alikimbia risasi.

Na nyumbani je? Tusiwanyooshee Wamarekani kidole huku yetu hatujayatazama. Daktari aliyesoma Lubumbashi au Bukavu akija kwetu, Kiswahili anacho tayari, na wagonjwa wetu atawaelewa tangu siku ya kwanza. Twaomba basi matawi yaanze na kazi ndogo: kuuliza ni nani miongoni mwa wageni wetu ana ujuzi wa tiba, kumsaidia kuandika barua za kutafuta vyeti, na kumtafutia mwalimu wa Kiingereza cha mitihani. Katibu wa tawi ameleta daftari jipya. Liko mezani, na tuanze kuandika majina leo kabla hatujatawanyika.