Mboga za Rombo, Ladha za Mbali

Chini ya Mlima Kilimanjaro, upande wa Kenya, maji ya chemchemi hunywesha mashamba ya Rombo, kusini mwa Kaunti ya Kajiado. Nyanya na vitunguu si haba. Lakini kuanzia Rombo hadi Kitengela, sufuria ya mboga mara nyingi hufuata njia ile ile: kitunguu, nyanya, sukuma wiki, chumvi, basi.

Mpishi wa Pwani ana njia nyingine. Mchicha wake huanza na tui jepesi hadi ulainike, kisha tui zito humiminwa mwishoni, moto ukiwa mdogo na mwiko ukizunguka bila kupumzika ili tui lisikatike. Uganda hutumia karanga za kusagwa. Kwa Wahindi, dengu hunoga kwa manjano, tangawizi na kitunguu saumu.

Na Umasaini maziwa yapo! Managu yaliyochemshwa na kumwagwa maji machungu huongezwa maziwa au malai, yakachemka taratibu hadi uchungu utulie. Mafuta ya maziwa hayo husaidia mwili kufyonza vitamini A, na ndimu ikikamuliwa juu husaidia kufyonza madini ya chuma.

Utajiri huu wa mboga za asili unatambuliwa duniani. Mwaka 2021, UNESCO iliorodhesha juhudi za Kenya za kuhifadhi vyakula vya asili miongoni mwa mifano bora ya kuigwa.

Msikilizaji, jioni ya leo badilisha kiungo kimoja tu katika mboga yako, kisha waite watoto waonje.