Unga wa Maua na Nchi ya Watu wa Kale



Habari tuliyo nayo leo ni ya kitu kidogo mno, ambacho jicho peke yake haliwezi kukitambua. Lakini kimekuwa shahidi mkubwa katika shauri la kale sana, yaani shauri la kujua watu wa kwanza walikaa katika nchi ya namna gani. Je, walikaa msituni au uwandani? Walikuwa na mvua nyingi au chache? Kitu hicho ni unga wa maua, ambao jina lake ni chavua.

Kila mkulima ameiona chavua. Mahindi yakisha kuchanua, ukilitikisa shada la juu, huanguka vumbi la manjano likakushika mikononi na katika nguo. Mmea mmoja wa mahindi hutoa chembe za vumbi hilo kwa mamilioni, na kazi ya kila chembe ni kufika penye ndevu za hindi ili punje ipate kufanyika. Zifikazo ni chache. Zilizobaki huchukuliwa na upepo, zikaanguka mashambani, juu ya mapaa, visimani, mitoni na katika maziwa. Nyasi za porini hufanya vivyo hivyo, na miti mingi ya msituni pia. Kwa hiyo kila mwaka nchi huandika orodha ya mimea yake, nayo orodha hiyo huzama katika matope.

Orodha hiyo hudumu kwa sababu mbili. Kwanza, kila chembe ina ganda gumu ajabu. Yaliyo ndani huoza upesi, bali ganda laweza kukaa miaka mamilioni, hata asidi kali haliliyeyushi upesi. Pili, kila jamaa ya mimea ina umbo lake la chembe: nyingine ni laini na mviringo, nyingine zina miiba, nyingine zina matundu au mifuo. Nyingi zina upana wa kati ya sehemu moja ya mia na sehemu moja ya kumi ya milimita. Mtu aliyefundishwa, akitazama kwa hadubini, aweza kuzitambua kama mchungaji atambuavyo alama za ng'ombe.

Kazi yenyewe ni ya subira. Wataalamu hutoboa chini ya ziwa au bwawa kwa bomba refu, wakatoa mkono wa matope, ya juu yakiwa ya juzi na ya chini yakiwa ya kale. Mahali palipo pakavu huchimba ukuta wa udongo uliopangwa matabaka, wakachukua kidogo kidogo kutoka kila tabaka. Kisha udongo hutiwa asidi ziyeyushazo chokaa na mchanga, mpaka yabaki maganda ya chavua. Ndipo huhesabu chembe moja moja, mamia kwa kila tabaka, wakiandika: nyasi kadha, podo kadha, mgunga kadha. Mswidi mmoja, Lennart von Post, ndiye aliyeonyesha hesabu za namna hii kwa michoro mbele ya mkutano wa wataalamu mwaka 1916, katika mji ambao leo huitwa Oslo. Tangu hapo elimu hii imeenea duniani.

Sasa twataka mtusikilize vizuri, kwa kuwa hapa ndipo penye shina la maneno yetu. Ninyi mnaosikiliza mashauri barazani mwajua kwamba shahidi hapimwi kwa wingi wa maneno. Yuko asemaye sana juu ya jambo alilolisikia kwa mbali, na yuko asemaye neno moja tu, naye alikuwapo. Chavua nayo ni hivyo hivyo. Chembe ya podo ina vifuko viwili vya hewa, mfano wa mabawa, na upepo huichukua safari ndefu. Mgunga ni kinyume chake. Chembe zake hushikamana, mara nyingi 16 pamoja, zikawa donge zito lisiloweza kwenda mbali na mti wake. Basi mtu akikuta chembe 50 za podo na donge moja tu la mgunga, asikate hukumu kwamba hapo palikuwa msitu wa podo. Huenda podo ilikuwa mlimani, mbali sana, na mgunga ulikuwa palepale, ukimtia kivuli mtu wa kale.

Wako na mashahidi wanaotaja ukoo bila kutaja jina. Nyasi ni wa namna hiyo. Chembe za nyasi hufanana mno. Hadubini ya kawaida yasema, "Hii ni nyasi," lakini haisemi ni nyasi ipi. Ndiyo maana wataalamu hukusanya pia udongo wa leo kutoka msituni, uwandani na penye majimaji, ili wajue kila nchi tunayoiona kwa macho hutoa hesabu gani ya chavua. Hapo ndipo huweza kuipima hesabu ya kale kwa kipimo cha haki.

Tuanze na kesi ya karibu. Katika ubavu wa Mlima Kenya, kwenye kimo cha mita 2,400 hivi, liko ziwa dogo lililozungukwa na msitu, liitwalo Ziwa Takatifu. Mwaka 1967 mtaalamu wa Afrika Kusini, Bibi J. A. Coetzee, alitangaza habari za chavua ya matope yake, yenye umri wa zaidi ya miaka 30,000. Alikuta kwamba yapata miaka 20,000 iliyopita, wakati barafu ilipotanda sehemu kubwa za kaskazini ya dunia, msitu ule haukuwapo kama ulivyo leo. Palikuwa na nyasi na vichaka vya namna viotavyo sasa juu zaidi mlimani. Ilihesabiwa kwamba mimea ya mlima ilikuwa imeshuka kiasi cha mita 1,000, na hukumu ikatolewa kuwa sababu ni baridi. Lakini mwaka 1997 watafiti wengine walionyesha kwamba baridi haikuwa peke yake. Hewa ya ukaa, ambayo ndiyo chakula cha majani, ilikuwa imepungua wakati ule, na upungufu huo uliidhoofisha miti kuliko nyasi. Ushahidi wa chavua ulikuwa wa kweli tangu mwanzo. Tafsiri yake ndiyo iliyohitaji kutengenezwa.

Sasa twende kwenye kesi ya mbali. Kaskazini ya Tanzania liko bonde la Olduvai. Jina hilo latokana na neno la Kimaasai, oldupai, yaani mkonge wa mwitu uotao pale. Mnamo tarehe 17 Julai 1959 Bibi Mary Leakey aliona hapo fuvu la kiumbe wa jamaa ya mwanadamu, lenye umri wa miaka 1,800,000 hivi. Katika matabaka ya bonde lile ilipatikana pia mifupa ya mtu wa kale aliyepewa jina la Homo habilis mwaka 1964, na zana za mawe kwa wingi. Mifupa ilisema ni nani aliyekuwapo, na mawe yakasema alifanya kazi gani. Lakini nchi yake ilikuwaje?

Bibi Raymonde Bonnefille, mtaalamu wa Ufaransa, alichunguza chavua ya Olduvai katika miaka ya 1970 na 1980. Hakukuta nchi moja isiyogeuka. Palikuwa na nyakati za mvua nzuri na miti mingi zaidi, kisha katika matabaka yaliyo juu yake chavua ya miti yapungua na dalili za ukame zazidi. Ilionekana pia chavua ya miti ya misitu ya milimani. Mtu mwenye haraka angesema kwamba misitu hiyo ilisimama bondeni. La, sivyo. Milima mirefu iko karibu, upande wa mashariki, na upepo hushuka kutoka huko. Shahidi huyo alikuja na upepo, naye atufaa kutupa habari za mlimani, si za kambi ya watu wa kale.

Kesi ya tatu yatoka nchi ya Afar, Ethiopia, mahali paitwapo Hadar. Mwaka 1974 Donald Johanson na wenzake walikuta hapo sehemu kubwa ya mifupa ya kiumbe mmoja wa kike, mwenye umri wa miaka 3,200,000 hivi, aliyetembea kwa miguu miwili. Wao walimwita Lucy, na Waethiopia humwita Dinkinesh. Leo Hadar ni nchi ya joto kali na mvua haba. Kwa muda mrefu ilikuwa desturi kusimulia kwamba misitu ilikauka, uwanda ukaenea, na ndipo viumbe wa kale wakalazimika kushuka mitini na kutembea. Hadithi hiyo ni nyepesi kukumbukwa, lakini ilifaa iulizwe mashahidi wake.

Mwaka 2004 Bibi Bonnefille na wenzake walitangaza hesabu za chavua ya Hadar, kuanzia miaka 3,400,000 mpaka miaka 2,900,000 iliyopita. Katika muda huo nchi ilibadilika mara nyingi. Zilikuwako nyakati za msitu, nyakati za nyasi zenye mvua, na nyakati za nyasi kavu. Kabla kidogo ya miaka 3,300,000 iliyopita, baridi iliongezeka hata kufikia digrii 5, na mvua ikazidi kwa milimita 200 mpaka 300 kwa mwaka. Mabadiliko hayo ni makubwa. Mkulima yeyote ajua tofauti ya milimita 200 katika shamba lake. Hata hivyo, jamaa ya Lucy walidumu katika muda huo wote. Hawakuwa watu wa msitu tu, wala wa uwanda tu. Nchi iligeuka, nao wakaendelea kuishi ndani yake.

Hilo ni neno zito, kwa sababu lageuza namna tunavyofikiri juu ya asili yetu. Tulidhani kwamba nchi ya namna moja ndiyo iliyomfanya mwanadamu. Sasa twaona kwamba wazee wake wa kale walizoea nchi zisizotulia. Lakini wenye elimu hawamwachi shahidi mmoja akate shauri peke yake. Huiuliza mifupa ya wanyama, huupima udongo, huyachunguza meno, na hutafuta chembe za mawe zifanyikazo ndani ya majani ya nyasi. Maneno ya mashahidi hao yakipatana, ndipo shauri husimama imara.

Mtauliza, "Habari hii yatuhusu nini sisi wa vijijini?" Yatuhusu sana, kwa kuwa ushahidi wenyewe umo katika ardhi mnayoitunza ninyi. Tumesema kwamba ganda la chavua ni gumu. Lakini adui yake ni hewa, na udongo unaolowa na kukauka mara kwa mara. Mahali palipokaa na maji daima, chavua husalimika, na hata miti husalimika. Kwenye maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, udongo wenye majimaji ulihifadhi magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa na watu wa kale. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba umri wake si chini ya miaka 476,000. Laiti udongo ule ungalikauka, tusingalijua neno hilo kamwe.

Kwa hiyo tuna maombi matatu. La kwanza ni kwa kila mtu. Akikuta mfupa uliogeuka jiwe, au zana ya kale, katika korongo au shimo la mchanga, asiing'oe wala asiioshe. Mfupa uliooshwa wapendeza macho, lakini udongo uliokuwa umeushika ndio uliokuwa na chavua, na tabaka ulimolala ndilo lililokuwa na umri wake. Mfupa bila udongo wake ni shahidi aliyekatwa ulimi. Aweke alama mahali, apeleke habari kwa mkuu wake, na shimo lisiachwe wazi, maana chavua ya leo huingia na kuchanganyika na ya kale.

La pili ni kwa machifu na wazee. Shauri la kukausha bwawa au kuchimba matope ya ziwa likiletwa mbele yenu, pamoja na kuuliza habari za maji na mashamba, ulizeni pia kama wenye kazi ya mambo ya kale wamepata habari. Kuchukua mkono mmoja wa matope kabla ya kazi kuanza si kazi ya siku nyingi, na bwawa likisha kuharibika halirudi.

La tatu ni kwa walimu. Chukueni kipande cha kioo, mkipake mafuta mazito kidogo, mkiweke dirishani siku moja wakati wa mahindi kuchanua. Penye hadubini, watoto watazame. Wataona chembe kubwa za mahindi na ndogo za nyasi. Kisha waulizeni, "Mtu akiiona orodha hii baada ya miaka 1,000,000, atasema tulikaa katika nchi gani?" Mtoto akijibu upesi, mwulizeni tena ni chembe ipi iliyotoka shambani karibu, na ni ipi iliyoletwa na upepo kutoka mbali. Akiweza kupambanua hayo, amekwisha kuanza elimu hii.

Hayo ndiyo tuliyotaka kuwaambia.