Namna Ubongo Unavyochagua Kumbukumbu za Kurudia

Hipokampasi, sehemu ndogo iliyojikunja ndani kabisa ya ubongo, hupokea matukio mapya kabla hayajahifadhiwa kwa muda mrefu katika gamba la nje la ubongo. Mwaka 1994, Matthew Wilson na Bruce McNaughton walionyesha kwamba seli za neva zilizofanya kazi pamoja panya alipokuwa akitembea huamka tena pamoja anapolala, yaani ubongo huirudia safari ile.

Fumbo lilikuwa jinsi ubongo unavyochagua matukio ya kurudia, na jibu lililotolewa mwaka 2024 na maabara ya György Buzsáki, New York, ni la thamani kubwa: panya anapofika mwisho wa njia na kutulia apate zawadi yake, hipokampasi hutoa mawimbi makali ya umeme, mafupi kuliko kupepesa jicho, ambayo hulitia alama tukio lililotangulia, na lenye alama ndilo hurudiwa zaidi usingizini.

Mawimbi ya aina hiyo yamerekodiwa pia kwa binadamu; kwa hiyo walimu na wazazi wanaombwa kuwaachia watoto dakika za utulivu baada ya somo, na usingizi wa kutosha.