Kutengeneza Land Rover Kuukuu Nyumbani

Leo tunafufua Land Rover ya zamani, ile yenye viti mpaka nyuma, iliyolala uani Yaeda Chini.

Usianze na rangi! Bodi ni ya alumini, jamaa ya sufuria. Ilipoanza kuundwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Lakini chesisi, yaani mifupa ya gari, ni ya chuma, nayo ina uwazi ndani. Tope la chumvi la Ziwa Yaeda huingia humo, likaila polepole.

Igonge kwa nyundo. Ikilia ngo, ni nzima. Ikilia pu, imeoza: mwite fundi wa kuchomelea. Na jeki peke yake usiiamini. Weka kwanza magogo imara, ndipo uingie chini.