Kianzio cha Nyumba ya Kwanza: Kinapopatikana na Kinapopotea

Hotuba kwa wakazi wa Malindi na Kilifi



Pwani hii ina watu wengi waliojenga nyumba juu ya ardhi isiyo yao. Mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja, na siku mwenye ardhi akiuza, kuta na mabati havimkingi. Kwa hiyo suala la kianzio, yale malipo ya kwanza ya nyumba au kiwanja chenye hati, si la matajiri peke yao.

Kwanza, lieleweke jambo moja. Tozo ya nyumba inayokatwa kwenye mshahara, asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na kiasi hichohicho kwa mwajiri, si akiba ya aliyekatwa. Haihesabiwi kuwa kianzio chake. Anayetaka nyumba za serikali ajisajili Boma Yangu kwa kitambulisho chake, kisha aweke akiba ya hiari humo kidogo kidogo. Asiyeajiriwa naye anaruhusiwa. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 imegawa nyumba kwa kipato: za kijamii ni za wanaopata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na za bei nafuu ni za wanaopata 20,000 hadi 149,000.

Chukua mfano wa nyumba ya shilingi 1,500,000 inayotakiwa kianzio cha asilimia 10. Hiyo ni 150,000. Mama mwenye kibanda sokoni akiweka 5,000 kila mwezi atafika baada ya miezi 30. Akiweka 3,000, miezi 50. Mvuvi na mhudumu wa hoteli wana kipato cha msimu. Hao waweke zaidi wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari na wageni wakiwa wengi, ili kusi ikiingia wasilazimike kugusa akiba.

Njia ya pili ni Sacco. Hapa kwetu Imarika ilianza kama Sacco ya walimu wa Kilifi. Sacco nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, hivyo mwenye akiba ya 50,000 anaweza kufikiriwa mkopo wa 150,000. Lakini aangalie: akikopa kianzio kisha akakopa na nyumba, ana madeni mawili. Kwa mwajiriwa, sheria ya ajira hairuhusu makato kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Apige hesabu ya yote mawili kabla ya kutia sahihi.

Njia ya tatu wengi hawaijui. Tangu mwaka 2020, mwanachama wa mfuko wa pensheni anaweza kutumia hadi asilimia 40 ya mafao yake kununua nyumba ya kuishi, bila kupita shilingi milioni 7. Aulize wasimamizi wa mfuko wake. Akumbuke tu kwamba pesa hizo zinatoka kwenye uzee wake.

Anayejiepusha na riba azungumze na benki zinazofuata sharia. Nazo huhitaji mteja atoe sehemu yake mwanzoni. Wenye vyama vya kuchangiana kwa zamu wanaweza kukubaliana kwamba mgao wa mwaka huu uende kwenye kianzio, si kwenye fanicha. Waliozoea mwerya wanajua kwamba shamba lisilolimika kwa jembe moja hulimika kwa majembe kumi.

Zipo gharama nyingine pembeni. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani, ingawa mnunuzi wa nyumba ya kwanza katika mpango wa nyumba za bei nafuu amesamehewa. Kuna wakili, na kuna mthamini. Anayeweka kianzio peke yake atakwama mlangoni.

Mwisho ni pale pesa zinapopotea. Kianzio cha miaka mitatu huweza kwenda kwa siku moja, mikononi mwa dalali mwenye nakala ya hati. Kabla ya kutoa hata shilingi, fanya upekuzi rasmi wa hati kwenye ofisi ya ardhi. Tembelea kiwanja na uulize majirani ni cha nani na kina kesi gani. Kama ni shamba, idhini ya bodi ya ardhi inahitajika. Kama ni boma la ndoa, mume au mke wa muuzaji lazima akubali. Lipa kupitia benki au wakili, kwa mkataba na risiti. Muuzaji anayesema mnunuzi mwingine yuko njiani, aachiwe huyo mwingine.

Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilichojaa kinahitaji kifuniko. Anayeanza leo aanze na mambo mawili: ajisajili, na aandike kiasi atakachoweka mwisho wa mwezi huu.